Kisiwa cha Pete: Kutoka Bildi ya Mabaharia Mpaka Kompyuta ya Mtoto

SEHEMU YA 1: Ngata katikati ya bahari

Tumeongea sana mambo ya homa, chanjo na uji wa watoto. Leo naanza mfululizo mwingine, wa historia, una sehemu sita. Unahusu visiwa. Msikimbie, mtaona unaishia wapi.

Wengi wenu mna watoto wa sekondari ambao likizo yote wako kwenye kompyuta wanatengeneza milima, mito na bahari. Kuna programu maalumu za kuchora mandhari, kama Terragen. Mtoto anaweka ardhi, anaweka maji, anaweka jua na mawingu, halafu anaiachia kompyuta ifanye hesabu zake. Hiyo ndiyo wao wanaita kurenda. Baadaye inatoka picha utadhani imepigwa kutoka kwenye ndege. Mzazi ukipita unasema, "Huyu anachezea umeme tu." Mimi nawaambia kaeni naye kidogo, hasa siku anayotengeneza kisiwa cha pete.

Kisiwa cha pete ni kile ambacho ukikitazama kutoka juu kinafanana na ngata, ile tunayojitwisha kichwani tukibeba ndoo. Pembeni kuna nchi kavu nyembamba yenye mchanga na minazi. Katikati hakuna nchi, kuna maji yaliyotulia, ya kijani. Nje ya pete bahari inashuka ghafla, nyeusi, haina huruma. Wataalamu wanakiita atoli. Neno hilo limetoka kwa watu wa Maldivi, kwa lugha yao ya Kidivehi, na watu hao wanaishi kwenye bahari hiihii ya Hindi tunayooga sisi.

Na kuna mtu mmoja anatuunganisha nao. Mnamkumbuka Ibn Battuta kwenye somo la historia? Yule msafiri wa Moroko aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka 12 baadaye, mwaka 1343, alifika Maldivi, akakaa, akafanywa kadhi na akaoa huko. Katika maelezo ya safari zake alieleza kwamba visiwa vile vimejipanga kwa makundi, kila kundi limezunguka kama pete, na kila pete ina mlango wake ambao bila kuupita chombo hakiingii. Yaani karibu miaka 700 iliyopita mtu aliyeiona Kilwa alishaliona umbo hili na akaliandika.

Ila kuona umbo ni kitu kimoja, na kujua limetokana na nini ni kitu kingine. Sisi wauguzi tunalijua hilo. Mtoto ana homa, sawa, homa tunaiona. Homa ya nini?

SEHEMU YA 2: Kijana aliyefikiri kabla ya kuona

Sisi watu wa pwani matumbawe tunayajua. Nyumba za zamani za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe Unguja zimejengwa kwa mawe yake, na chokaa yake imechomwa ikapakwa ukutani. Lakini tumbawe kabla halijawa jiwe ni mnyama mdogo laini. Anajijengea nyumba ya chokaa, anakufa, mwenzake anajenga juu yake. Na ndani ya mwili wake wanaishi mimea midogo sana inayohitaji mwanga wa jua. Kwa hiyo matumbawe yanayojenga miamba hayaishi gizani. Yanataka maji ya kina kifupi, yenye joto na mwanga.

Hapo ndipo kitendawili kilipo. Visiwa vya pete viko katikati ya bahari yenye kina cha maelfu ya mita. Kama tumbawe haliwezi kuishi huko chini, lilianzia wapi kujenga?

Jibu lililokubalika miaka ya 1830 lilitoka kwa Charles Lyell, mwanajiolojia wa Uingereza. Alisema chini ya kila pete kuna volkano iliyozama, na matumbawe yameota kwenye mdomo wa kreta yake. Ukiwaza haraka inaingia akilini: kreta ni duara, kisiwa ni duara, mambo yameisha. Shikeni hili la kreta, tutalirudia kwenye kompyuta.

Charles Darwin wakati huo alikuwa kijana, yuko kwenye meli ya Beagle iliyozunguka dunia kuanzia 1831 mpaka 1836. Maelezo ya kreta hayakumridhisha. Atoli nyingine zina upana wa makumi ya kilomita, sasa hizo ni kreta za volkano gani? Na inawezekanaje volkano zote hizo zikakubaliana kusimama karibu kimo kimoja, chini kidogo tu ya uso wa maji? Akiwa bado pwani ya Amerika Kusini, hajauona hata mwamba mmoja wa kweli wa matumbawe, aliyapanga mawazo yake hivi: chukua mlima wa volkano uliotokeza baharini. Matumbawe yanaota pembeni yake, ufukweni. Mlima unaanza kuzama polepole, kwa mamilioni ya miaka. Matumbawe hayakubali kuzama nao, kila ukishuka yenyewe yanajenga kwenda juu kuufuata mwanga. Upande wa nje yanastawi zaidi kwa sababu mawimbi yanaleta maji safi na chakula. Upande wa ndani maji yametulia na yana vumbi. Baada ya muda kunakuwa na maji kati ya mlima na mwamba. Mwisho mlima unapotea kabisa, inabaki pete.

Novemba 1835 alipanda kilima Tahiti, akatazama ng'ambo kisiwa cha Moorea kilichozungukwa na mwamba wake, akakifananisha na picha iliyotiwa kwenye fremu. Aprili 1836 Beagle ilifika visiwa vya Cocos, vinavyoitwa pia Keeling, atoli halisi ndani ya Bahari ya Hindi. Pale walishusha bildi, ile risasi ya kupimia kina ambayo manahodha wetu nao waliitumia, chini yake imepakwa mafuta ya mnyama ili ishike chochote inachogusa. Kwenye kina kifupi mafuta yalirudi na alama za matumbawe hai. Kadiri walivyoenda chini mchanga ukazidi na matumbawe yakapungua. Halafu nahodha FitzRoy akapima nje ya pete, kama kilomita 2 tu kutoka mawimbi yanapovunjikia. Alishusha kamba ya zaidi ya mita 2,000 na hakugusa chini. Kumbe kisiwa kile kilikuwa kilele cha mlima mrefu sana.

Darwin alikuwa na miaka 27. Kitabu chake cha miamba ya matumbawe kilitoka mwaka 1842, miaka 17 kabla ya kile kilichompa jina kubwa duniani.

SEHEMU YA 3: Kipimo

Dhana hata ikiwa nzuri vipi inahitaji kipimo. Mama akija zahanati akaniambia "mwanangu ana malaria," simbishii wala simkubalii, nachukua tone la damu kidoleni. Kwa kisiwa cha pete, tone la damu ni kutoboa shimo kwenda chini. Kama Darwin alisema kweli, utakuta tabaka nene sana la chokaa ya matumbawe, na chini yake kabisa jiwe jeusi la volkano.

Wenye kumpinga walikuwepo, na walikuwa watu wazito. Mwaka 1880 John Murray, mwanasayansi wa meli ya Challenger, alisema hakuna haja ya mlima kuzama, matumbawe yanaweza kuota juu ya vilima vya mashapo chini ya bahari. Mwaka 1881, mwaka mmoja kabla ya kufa, Darwin alimwandikia Alexander Agassiz akitamani atokee tajiri mmoja agharimie kutoboa mashimo kwenye visiwa vya pete.

Royal Society ya London ndiyo iliyosimamia kazi hiyo, kwenye atoli ya Funafuti ambayo leo iko ndani ya nchi ya Tuvalu. Walijaribu mwaka 1896 wakashindwa, mchanga na mawe vilizuia keekee. Wakarudi 1897 wakiongozwa na Edgeworth David, profesa kutoka Sydney. Mke wake Caroline alikwenda naye, akaishi na wanawake na watoto wa kisiwa, na mwaka 1899 akatoa kitabu kuhusu maisha yao. Shimo liliendelezwa mpaka 1898 likafika kiasi cha mita 340. Chokaa tupu. Jiwe la volkano halikuonekana. Basi kila upande ukajitangaza mshindi! Ni kama kipimo kinachorudi hakieleweki, na ndugu wa pande zote mbili wamesimama mlangoni kwa daktari.

Jibu lilipatikana mwaka 1952, miaka 110 baada ya kitabu cha Darwin, kwenye atoli ya Enewetak katika Visiwa vya Marshall. Mashimo mawili yalitobolewa. Moja lilikuta jiwe la volkano, yaani basalti, kwenye mita kama 1,267. La pili kwenye mita kama 1,405. Juu yote ilikuwa chokaa, na ile ya chini kabisa ina umri wa karibu miaka milioni 50. Mlima ulikuwepo, ukazama, na viumbe hawa wadogo wakajenga zaidi ya kilomita nzima kwenda juu ili wasikose jua.

Sasa jiulizeni: ni tajiri gani aliyetoa pesa Enewetak? Haikuwa jumuiya ya wasomi. Marekani walikuwa wanakichunguza kisiwa kwa sababu walitaka kulipulia mabomu pale.

SEHEMU YA 4: Vumbi jeupe

Sehemu hii ni nzito. Mjamzito ambaye hayuko sawa leo airuke, aje sehemu ya 5.

Mwaka 1946 Marekani waliwaambia wakazi wa atoli ya Bikini, watu 167, wahame kwa muda. Walipelekwa Rongerik, mahali ambapo chakula hakikutosha, wakakaribia kufa kwa njaa. Mwaka 1948 wakahamishiwa Kili, kisiwa ambacho hakina hata lagoni, yaani yale maji yaliyotulia ya katikati ambayo wavuvi wa pete wanayategemea. Kati ya 1946 na 1958 mabomu 67 ya nyuklia yalijaribiwa katika Visiwa vya Marshall. Bikini peke yake 23, Enewetak 43.

Tarehe 1 Machi 1954 ndiyo siku kubwa. Bomu lililoitwa Bravo lililipuliwa Bikini, likatoka na nguvu mara mbili na zaidi ya ilivyokadiriwa. Lilichimba shimo kwenye mwamba wenyewe, likasaga matumbawe yakawa unga, na upepo ukaubeba unga ule kwenda mashariki. Saa chache baadaye, zaidi ya kilomita 150 kutoka pale, kwenye atoli ya Rongelap, vumbi jeupe lilianza kuanguka juu ya mapaa, juu ya vyakula, ndani ya maji ya kunywa. Watoto walilichezea. Mtoto atafanya nini tena na unga mweupe unaoanguka kutoka mbinguni?

Watu wale waliondolewa baada ya siku mbili hivi. Kichefuchefu, kutapika, ngozi kuungua, nywele kunyonyoka. Mwaka 1957 wakarudishwa nyumbani kwao, wakaendelea kula nazi na samaki wa pale pale.

Mama zangu, niwaeleze kwa nini watoto ndio walioumia zaidi. Shingoni tuna tezi inayoitwa thairoidi. Kazi yake inahitaji madini joto, na ndiyo maana chumvi yetu inawekewa madini hayo ili tusipate rovu. Bomu la nyuklia linatoa madini joto yenye mionzi. Tezi haijui kutofautisha, inayavuta yote. Tezi ya mtoto ni ndogo, kwa hiyo kiasi kilekile kinaichoma zaidi, tena ni katika umri ambao anakua. Miaka ya 1960 wengi wa waliokuwa na chini ya miaka 10 siku ile walianza kuota vinundu kwenye tezi, wakafanyiwa upasuaji. Wengine walidumaa. Mtoto mmoja aliyekuwa na mwaka mmoja siku ya vumbi alifariki 1972 kwa saratani ya damu, ana miaka 19. Mwaka 1985 watu wa Rongelap waliamua kuhama kwao wenyewe, wakabebwa na meli ya Rainbow Warrior.

Bahari yetu nayo ina hadithi yake. Kaskazini-magharibi ya Madagaska kuna Aldabra, atoli kubwa ya Shelisheli yenye kobe wakubwa kama 100,000. Miaka ya 1960 Uingereza na Marekani walipanga kujenga kiwanja cha ndege za kijeshi pale. Wanasayansi walipiga kelele, fedha nazo zilikuwa zimebana, na mwaka 1967 mpango ukafutwa. Leo Aldabra ni urithi wa dunia. Lakini kambi ilijengwa kwenye atoli nyingine, Diego Garcia ya Chagos, na kati ya 1968 na 1973 wenyeji wote wa Chagos waliondolewa, wakamwagwa Morisi na Shelisheli. Kobe walipata watetezi kwa wakati. Familia za Chagos hazikupata.

SEHEMU YA 5: Pete ndani ya kompyuta

Tupumue. Sasa tumefika kwa mtoto wako na kompyuta yake.

Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot, mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi IBM, aliandika makala akiuliza pwani ya Uingereza ina urefu gani. Jibu lake: inategemea rula yako. Ukipima kwa rula fupi unaingia kila kijighuba, urefu unaongezeka. Kipande kidogo cha pwani kimekunjamana kama kipande kikubwa. Mwaka 1975 akavipa vitu vya namna hiyo jina, fraktali. Angalia ua la koliflawa, kila kitawi ni koliflawa ndogo, utamwelewa.

Loren Carpenter, aliyekuwa kampuni ya ndege ya Boeing, alisoma mawazo hayo, na mwaka 1980 akaonyesha filamu fupi ya dakika mbili hivi, kamera inaruka juu ya milima ambayo haipo duniani. Watu wa Lucasfilm wakamchukua kazini, na mwaka 1982 milima ya namna hiyo ikaonekana ndani ya filamu ya Star Trek. Ken Perlin naye akabuni njia ya kuifanya kompyuta itoe mikwaruzo isiyo na mpangilio lakini yenye ulaini wa asili, akaichapisha 1985. Mafundi wanaiita noizi. Mawingu, mawe, mawimbi, karibu kila kitu unachokiona kwenye mandhari za kompyuta kina noizi ndani yake. Mwaka 1994 ikatoka programu ya Bryce, watu wa kawaida nyumbani wakaanza kutengeneza milima yao. Terragen ilifuata kabla muongo ule haujaisha.

Sasa pete inatengenezwaje? Msingi ni ramani ya kimo. Ni picha ya rangi ya kijivu: palipo peupe ni juu, palipo peusi ni chini. Unaiambia kompyuta, chagua kitovu, kwa kila doa pima umbali wake mpaka kitovu. Umbali ukikaribia kiasi fulani, inua ardhi. Ukizidi au ukipungua, shusha. Hapo umepata pete, lakini ni pete ya sonara, duara kamili, haina uhai. Ndipo unaingiza noizi, unaupotosha ule umbali kidogo kabla ya kuinua, pete inapinda huku na kule kama ya kweli. Halafu unakata milango upande uliokingwa na upepo, na upande unaopigwa na mawimbi unaweka nchi zaidi, maana huko ndiko dhoruba hutupa vifusi vya matumbawe. Lagoni iwe na kina cha makumi ya mita tu. Nje, shusha kama ukuta.

Wengi wanaoanza wanakosea kimo. Kisiwa kinatoka kama sufuria. Atoli ya kweli inaweza kuwa na upana wa kilomita 20 na nchi yake isizidi mita chache juu ya maji. Mnazi ni mrefu kuliko kisiwa! Mwambie mwanao ashushe, ashushe tena, mpaka ahisi wimbi likipiga litapita juu. Akifika hapo ndipo amepatia.

Na kuna njia ya mkato ambayo wengi wanaitumia: kifaa cha kutengeneza kreta, ambacho kimo kwenye baadhi ya programu hizi. Unabonyeza, unapata duara lenye shimo katikati, unajaza maji, picha imekamilika. Jamani, huyu si Lyell yuleyule wa miaka ya 1830? Picha itapendeza, ila sababu si yenyewe. Ni kama kushusha homa kwa panado bila kujua ni homa ya nini.

Mtoto mwenye subira afanye njia ya Darwin. Aweke mlima kwanza. Auzungushie mwamba kwenye usawa wa maji, arende picha ya kwanza. Aushushe mlima, mwamba aubakize palepale juu, atapata kitu kama Bora Bora, mlima katikati na maji yameuzunguka. Arende ya pili. Aushushe mpaka uzame kabisa, arende ya tatu. Picha tatu, miaka milioni kadhaa, mchana mmoja. Hapo amejifunza sayansi, hajachezea umeme.

SEHEMU YA 6: Taifa linalojichora

Tumalizie palepale Funafuti, ilipotobolewa ile mita 340.

Tuvalu ilipata uhuru tarehe 1 Oktoba 1978. Ina watu kama 11,000, wachache kuliko kata nyingi za Dar es Salaam, na nchi kavu ya kilomita za mraba 26 tu. Sehemu kubwa haifiki mita 3 juu ya bahari. Maji ya bahari yanapanda kwa sababu dunia inapata joto. Bamvua kubwa likifika, maji yanachomoza kutoka ardhini, kwa kuwa chokaa ya matumbawe ina matundu. Na hata kabla nchi haijafunikwa, maji ya kunywa yanaharibika. Watu wa visiwa vya pete wanategemea matangi ya mvua na yale maji matamu kidogo yaliyolala chini ya mchanga juu ya maji ya chumvi. Septemba 2011 mvua ilikata, serikali ya Tuvalu ikatangaza hali ya dharura, familia zikagawiwa maji kwa ndoo. Muuguzi yeyote akisikia ndoo za kuhesabu anawaza kuhara kwa watoto kabla ya kuwaza ramani.

Novemba 2022, kwenye mkutano wa tabianchi uliofanyika Misri, waziri Simon Kofe alitoa hotuba akionekana amesimama kwenye kisiwa. Ukitazama vizuri unaona mawimbi na mchanga ni vya kompyuta. Alitangaza kwamba Tuvalu itajitengeneza upya kidijitali, visiwa, utamaduni na kumbukumbu zake, ili hata nchi ikizama taifa lisipotee. Walianza na kisiwa kidogo cha Te Afualiku, mojawapo ya vile vinavyotazamiwa kutangulia kuzama. Mwaka 2023 wakabadilisha katiba kusema kwamba taifa lao litaendelea kuwepo milele, hata ardhi ikiondoka. Mwaka huohuo wakatia saini mkataba na Australia unaowaruhusu mpaka watu 280 kila mwaka kwenda kuishi huko.

Mnaona safari ilivyokwenda? Mabaharia walipima pete kwa bildi. Wasomi wakaitoboa kwa keekee. Wanajeshi wakailipua. Wasanii wakaichora kwa hesabu. Na sasa wenyewe wanaichora ili watoto wao wawe na cha kuonyesha.

Lakini kisiwa cha kweli si picha iliyotulia. Utafiti uliotoka 2018 ulilinganisha picha za Tuvalu za miaka 1971 mpaka 2014, ukakuta nchi kavu kwa jumla ilikuwa imeongezeka asilimia 2.9, ingawa bahari ilipanda. Mawimbi yalikuwa yanaleta mchanga na vifusi kutoka kwenye mwamba. Visiwa vingine vilikua, vingine vilipungua, vingine vilihama. Hii haina maana hatari haipo. Ina maana kisiwa kinaishi kwa sababu matumbawe yanaishi. Bahari ikizidi joto matumbawe yanapauka, yakifa hakuna wa kuleta mchanga. Darwin alituonyesha kwamba viumbe hawa waliushinda mlima uliokuwa unazama. Walishinda kwa sababu ulizama polepole.

Basi mwanao akikuita, "Mama, njoo uone kisiwa changu," nenda ukione. Msifie. Halafu muulize maswali mawili ya muuguzi: watu wa kisiwa hiki wanakunywa maji gani? Na wimbi kubwa likija usiku, mama mwenye kichanga anakimbilia wapi? Msaidie kuweka matangi ya mvua, zahanati, na njia ya kufika kwenye boti.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu: mtoto anayekataa kula. Mliotaka ratiba ya chanjo, naiweka kesho asubuhi. Usiku mwema, na msisahau neti.